Huyu Anakimbia Wapi?

Kwa miaka miwili nilikula kwa sentensi moja: muda ni pesa. Niliiandika kwa kila namna. Niliivalisha suti, nikaivua tai, nikaiweka juu ya picha ya bawa la ndege jua likizama nyuma ya milima ya Ngong. Ofisi yetu ilikuwa Wilson, hapa Nairobi, na kazi yangu ilikuwa kuandika matangazo ya kampuni inayowakodishia ndege watu wa biashara. Jina la kampuni nitalihifadhi. Walinilipa kila mwisho wa mwezi bila kusukumwa, na kwa sisi tunaoishi kwa kuandika, hiyo si heshima ndogo.

Niliacha kazi mwaka jana. Hakuna aliyenikosea. Niliacha kwa sababu ya swali la mama aliyekuwa akituletea chai, na swali hilo nitalifikia. Kwanza niseme ukweli wote, mtu asije akadai nimetoka huko na kinyongo.

Ukweli ni kwamba ndege ya kukodi inafanya kazi. Nchi hii ni kubwa kuliko inavyoonekana ukiwa Westlands. Kutoka Nairobi hadi Lodwar kwa barabara ni safari ya siku nzima na zaidi, unalala Kitale, unaamka na vumbi. Kwa ndege ndogo kama Cessna Caravan ni kama saa moja na nusu. Caravan ina injini moja, inabeba watu tisa hadi kumi na wawili hivi kutegemea viti vilivyofungwa, na haihitaji lami. Mpe rubani kipande cha murram kilichonyooka, mbuzi wafukuzwe, atatua. Unaweza kuwa na mkutano Lodwar asubuhi, mwingine Marsabit mchana, na jioni ukala ugali kwako. Hakuna ratiba ya shirika lolote itakayokupa siku kama hiyo. Ndege inakungoja. Ukichelewa nusu saa, nayo inachelewa nusu saa.

Kuna pia barabara ambazo kuziepuka si anasa. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na al-Shabaab, watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa likizo. Mwajiri anayempandisha mfanyakazi ndege kwenda kule hamdekezi. Anamrudisha kwa mamake akiwa hai.

Na msifikiri hizi ni habari za mabwenyenye peke yao. Waulize watu wa Maua kuhusu miraa. Jani hilo likikatwa, saa zinaanza kuhesabu, na baada ya siku mbili hivi halina bei. Kwa miaka mingi ndege za mizigo zimekodiwa kulifikisha Somalia likiwa bado bichi. Machi 2020 Somalia iliposimamisha safari hizo kwa sababu ya korona, na ikakaa hivyo hadi Julai 2022, ni mkulima wa Igembe aliyelia, si mwenye suti. Kisha kuna Flying Doctors, walioanza mwaka 1957 na ambao mpaka leo wanaruka kutoka Wilson. Mama aliyekwama na uchungu wa uzazi kijijini haambiwi asubiri ndege ya Alhamisi.

Kwa hivyo, wenzangu wa mtandaoni mnaotaka kila ndege ndogo iwekwe kufuli, hapo tunaachana. Chombo hakina dhambi. Mimi niliona mtu akikitumia vizuri, na nikaona mtu akikitumia vibaya, ndani ya wiki moja.

Jumatatu ya wiki hiyo nilipandishwa Caravan kwenda Turkana nikaandike habari ya kuvutia wateja. Ndani tulikuwa kumi. Mafundi wa pampu za maji za sola, mhasibu wao, mhandisi mmoja aliyelala kabla magurudumu hayajaacha ardhi, na mimi. Nyuma kulikuwa na vipuri vimefungwa kwa neti. Kila kiti kilikuwa na mtu na kila mtu alikuwa na kazi. Walifunga walichokuja kufunga, wakanywa soda ya moto, tukarudi kabla ya giza. Kwa barabara wangekula siku nne, na kisima kingekaa kikavu siku hizo zote. Gharama ikigawanywa kwa kumi, kila mmoja alibeba mzigo wa kawaida.

Alhamisi akaja bwana mmoja. Alikuwa anaenda Mombasa, peke yake, kwa mkutano wa saa mbili. Ndege ya ratiba ilikuwepo asubuhi hiyo, na nyingine baadaye. Reli ya SGR inaenda huko tangu 2017, saa tano hivi kwa treni ya moja kwa moja. Yeye alikodi ndege nzima. Alifika kwa gari lililosimama karibu na mlango, akapita bila kutusalimia, simu ikiwa sikioni, na dakika chache baadaye alikuwa juu. Mama wa chai alikuwa amesimama karibu na dirisha langu na trei yake. Akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Kijana wangu, sasa huyu anakimbia wapi?"

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa majibu ya maswali kama hayo. Nilikuwa na folda nzima. Nikamwambia, "Mama, ana mkutano."

Akasema, "Haya," akaendelea kugawa chai.

Mama huyo alikuwa akitoka Kibera kwa miguu, alfajiri, akivuka Lang'ata Road kuja kutuwashia jiko. Ikinyesha alichelewa, na akichelewa alikatwa. Kampuni ileile iliyonilipa niandike kwamba kila dakika ya mteja ni dhahabu ilikuwa na daftari la kuhesabu dakika za mama huyu kama deni. Muda ni wa aina moja, saa zina dakika 60 pande zote mbili za barabara, lakini bei tumeziweka sisi. Wa mmoja tunaukodia ndege. Wa mwingine tunauchukua bure, halafu tunamlaumu kwa kuchelewa.

Hebu tuangalie hesabu, kwa sababu niliziona kutoka ndani. Unapokodi ndege hulipii kiti, unalipia ndege. Unalipia mafuta, marubani, ada za kutua, na saa ambazo ndege imekaa chini ikikungoja. Ikikupeleka na kurudi tupu, unalipia pia utupu. Ndiyo maana kiti kimoja kilichojaa kati ya tisa ni biashara mbaya kwa kila mtu isipokuwa muuzaji. Lile shirika la Ulaya, Transport & Environment, lilipiga hesabu mwaka 2021 likapata kwamba ndege za kibinafsi za jeti huchafua hewa mara 5 hadi 14 zaidi ya ndege za abiria, kwa kila msafiri. Utafiti mwingine wa dunia nzima uliochapishwa 2024 ulionyesha moshi wa jeti hizo ulipanda kwa asilimia 46 kati ya 2019 na 2023, na kwamba karibu nusu ya safari zake hazifiki kilomita 500. Nairobi hadi Mombasa kwa anga haifiki kilomita 500. Tafakari hayo ukikumbuka mafuriko ya Aprili 2024, Mathare ilivyosombwa. Aliyekuwa juu ya mawingu hakulowa.

Lakini kilichonichoma zaidi ni bili, hata kuliko moshi. Wengi wetu tunadhani tajiri akiruka, anaruka kwa pesa zake. Si rahisi hivyo, bana. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya inaruhusu kampuni kuondoa kwenye faida yake gharama zote zilizotumika kutafuta mapato hayo. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Kampuni ikitumia milioni moja kwa ndege na kuiandika kama gharama ya biashara, faida inayotozwa kodi inapungua kwa milioni hiyo, na serikali inakosa 300,000. Hizo 300,000 zinatafutwa kwingine. Unajua kwingine ni wapi. Ni kwako.

Sasa geuza karatasi. Wewe mwenye payslip unapanda mathree mbili kwenda kazini na mbili kurudi. Jaribu kuiambia KRA kwamba nauli hiyo ni gharama ya kutafuta mapato. Jaribu uone. PAYE hukatwa kabla hujaigusa pesa, na nauli unaitoa kwa kilichobaki. Safari ya bosi kwenda mkutanoni ni biashara. Safari yako kwenda kazini ni shida zako. Tena mathree haiondoki mpaka ijae. Unakaa stage ya Bomas robo saa ukingoja watu watatu wa kujaza kiti cha nyuma, na hakuna aliyewahi kukuandikia tangazo kuhusu thamani ya robo saa hiyo.

Mtindo huu haujakaa angani tu. Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, ni ndege ya kukodi iliyojengwa kwa zege. Mwenye pesa analipa, anapita juu, anafika. Asiye nazo anabaki chini kwenye kivuli cha nguzo, akipumua moshi. Tumeacha kutengeneza njia ya wote, tunauza njia ya kuwakwepa wengine. Na kila anayepanda juu ana sababu moja ndogo zaidi ya kujali kinachoendelea chini. Bosi asiyekaa kwenye foleni hatapiga kelele kuhusu foleni. Waziri asiyepita barabara ya Lokichar hatajua kama kandarasi imelipwa na mashimo yamebaki.

Ndiyo maana ile safari ya Mei 2024 ilituuma vile. Rais Ruto alienda Marekani kwa jeti ya kukodi. Nchi ilipouliza bei, alijibu kwanza kwamba ilikuwa nafuu kuliko kwenda na KQ, kisha akasema ilituchukua chini ya shilingi milioni 10, marafiki wakiwa wamesaidia. Wengi walicheka hesabu ile. Mimi niliyekuwa nikiona bei za kukodi kila siku sikucheka. Nilijiuliza tu, rafiki anayejaza pengo la bei ya jeti anatarajia kulipwa kwa sarafu gani? Mwezi uliofuata tulikuwa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na serikali ikituambia tufunge mikanda. Mkanda tuliofungiwa haukuwa wa kiti cha ndege.

Najua mtaniambia ni wivu. Sawa, nina wivu. Nimekaa kwenye kile kiti cha ngozi kilichoegeshwa, nikapiga picha, nikaituma kwa group ya familia. Lakini wivu haubadilishi hesabu. Wengine mtasema matajiri wakinyimwa ndege, marubani na mafundi wa Wilson watakosa kazi. Hoja hiyo naiheshimu, nilikula nao chapati. Jibu langu ni kwamba simnyimi mtu ndege. Nataka tu ajibu maswali matatu kabla hajaziita gharama zake za biashara. Viti vimejaa? Kuna treni au ndege ya ratiba inayoenda huko siku hiyo? Na bili inamwangukia nani?

Kama viti vimejaa na njia nyingine haipo au inaua, ruka, na kodi ikupunguzie. Fundi wa pampu, miraa ya Igembe, daktari, mwalimu wa Mandera, hao wote wanapita. Kama uko peke yako na SGR iko palepale, ruka pia ukitaka, lakini lipa kutoka mfukoni mwako, baada ya kodi, kama mimi ninavyolipa nauli. Na kama bili inamwangukia mwananchi, basi bei kamili iwekwe wazi kabla ya ndege kuondoka, pamoja na majina ya marafiki. Sheria ya kurasa mbili inatosha. Wabunge wataichukia, kwa sababu wao pia ni wateja.

Siku niliyotoka Wilson nilimtafuta mama wa chai nimuage. Nilimkuta anasuuza vikombe. Nikamwambia ninaenda, na kwamba swali lake bado sijapata jibu. Hakukumbuka kama aliwahi kuniuliza kitu. Alicheka, akapangusa mikono kwa leso, akaangalia saa ya ukutani.

"Ngoja nimalizie hivi," alisema. "Nikichelewa kutoka, nauli hupanda."