Bustani za Mji na Kauli ya Wenyeji

Miji mingi ina desturi mbaya: shauri la bustani hukatwa kwanza, maoni ya wenyeji hutakwa baadaye. Mkaaji huulizwa kama nyasi zimefyekwa vema na vyoo ni safi. Haulizwi kama bustani ibaki au igeuzwe majumba. Kumwuliza mtu juu ya dogo na kumficha kubwa si kumheshimu.

Nairobi ni shahidi. Mwaka 1989 wakubwa walikusudia kusimamisha jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Wenyeji hawakushauriwa. Wangari Maathai alipinga kwa barua, akadhihakiwa hata bungeni. Lakini fedha za kigeni zilirudi nyuma, na jumba halikujengwa. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani ambayo A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji mwaka 1906. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliamsha wenyeji, nayo ikasalimika. Bustani zote mbili ziliokolewa na kauli ambayo haikuombwa.

Husemwa kuwa mkaaji si fundi. Ni kweli, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi hujua upana wa njia; mkaaji hujua taa ipi haiwaki usiku, benchi lipi halina kivuli, na lango lipi hufungwa wakati watu watokapo kazini. Husemwa tena kuwa bustani ni anasa. Husema hivyo mwenye ua na miti nyumbani kwake. Kwa aishiye na watoto katika chumba kimoja, bustani ya mji ndiyo ua wake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya bustani na viwanja vya burudani, ikaweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa. Basi kusikilizwa ni haki, si hisani. Sanduku la maoni lisilofunguliwa ni kaburi la maneno, na mkutano uitwao baada ya mkataba kutiwa sahihi ni mzaha. Wenyeji waulizwe kabla ya ramani kuchorwa, wajibiwe kwa maandishi, na kukataa kwao kuwe na nguvu sawa na kukubali kwao. Mti ukishakatwa, maoni hayauoteshi.