Wageni kwanza mpaka lini?

BARAZANI na Bi Kajificheni

Wiki hii nina hasira, na hasira yenyewe imetokana na foleni ya pizza. Nalisema mapema, asije mtu akanisoma mpaka katikati akidhani namtafutia kila mmoja udhuru wake. Mkahawa uliolelewa na mtaa hauna haki ya kumwambia mtu wa mtaa akae pembeni wageni wale kwanza. Hauna haki hiyo msimu wa watalii, hauna wakati wa tamasha, na hauna hata kama mgeni ametua leo hii na njaa inamkata.

Jina la pahala sitalitaja. Wanaopita njia za nyuma ya Darajani jioni wanapajua kwa harufu ya samli kabla hawajaiona taa. Meza chache ndani, benchi moja nje, na chuma cha kukaangia kimewekwa mlangoni ili kila apitaye aione mikono ya fundi. Mkahawa huu ulikuwapo kabla Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan haijaikarabati bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya mwaka 2009, na kabla wauzaji wa kule hawajavaa kofia nyeupe za wapishi. Mzee aliyeuanzisha alikuwa akiwaita wateja kwa majina ya mama zao. Siku hizi chuma kimeshikwa na mwanawe. Mikono ya baba ameirithi, hilo simnyimi.

Kwa msomaji wa Mwanza au Bujumbura ambaye hajawahi kufika kwetu, pizza ya Zanzibar haiingii tanurini. Donge la unga wa ngano linalala ndani ya mafuta tangu alasiri. Fundi hulipigapiga juu ya meza iliyopakwa mafuta, akalivuta kwa ncha za vidole mpaka rangi ya meza ikaonekana kwa chini, kisha akaweka kipande kidogo cha pili katikati ili pasitoboke. Pembeni ana bakuli lenye keema iliyokwisha kuungwa, kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo, pilipili boga na nyanya kidogo. Humo huvunja yai, akatia kijiko cha mayonezi na kijibini kile cha pembetatu kinachomenywa kwenye karatasi ya kung'aa, akakoroga upesi, akamimina katikati ya chapati, akazikunja ncha nne zikakutana, ikawa mraba. Halafu huilaza juu ya chuma, samli ikalia. Akiigeuza, upande wa juu umeshapata madoa ya kahawia na yai limeshaishika keema. Unaila kwa mkono ikiwa bado ya moto, kwa pilipili ya ukwaju, na glasi ya juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu iko kando yako.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnaujua ugomvi wangu na mayonezi, na barua zenu nimezisoma, khasa za watu wa Michenzani. Msimamo wangu ni ule ule: keema iliyoungwa vizuri haihitaji mayonezi. Ya chokoleti na ndizi nayo mlishanisikia nikiisema, na mwaka huu sirudi huko. Wiki hii nimeona lililo baya zaidi kuliko chokoleti.

Lakini kwanza niseme kwamba chakula hiki ni chetu, maana wapo wanaowaambia watalii kuwa kilibuniwa kwa ajili yao. Si kweli. Nyumbani kwetu mwezi wa Ramadhani mkate wa mayai wenye keema ulikunjwa mraba vivi hivi, ukakaangwa kwa samli, ukawekwa kwenye futari. Mombasa wanaupika mpaka leo. Nenda Yemen, nenda Muscat, utaukuta mutabbaq. Vuka mpaka Malaysia na Singapore utaukuta murtabak. Ni ukoo mmoja uliotembea na watu wa Bahari ya Hindi, na sisi tuna mtoto wetu katika ukoo huo. Jibini na mayonezi vimekuja juzi. Unga, keema, yai na samli vilikuwa jikoni kwa mama zetu.

Ndiyo maana jambo la Jumatano limenichoma.

Nilifika baada ya Isha. Kwenye benchi nilimkuta mama mmoja wa mtaani, mtoto amemlalia begani, mapajani ana sahani mbili, moja imefunikwa juu ya nyingine. Kila mtu wa mjini anajua maana ya sahani hizo. Maana yake chakula kinakwenda nyumbani, kuna wengine wanangoja, na hataki kupewa mfuko wa plastiki wala boksi. Alikuwa ameagiza mbili za nyama. Fundi alikuwa ameshaanza kazi yake: donge limeshalainishwa mezani, bakuli limeshajazwa keema, na yai limeshavunjwa ndani. Nikampa mama salamu, nikakaa nyuma yake kwenye foleni kama inavyopasa.

Hapo likatokea kundi la wageni, wanaongozwa na kijana anayewatembeza. Kijana hakusema hata hodi. Aliinua mkono juu, akaonyesha idadi kwa vidole, akasema, "Za chokoleti na ndizi, harakisha." Na fundi, wallahi, akalisukuma pembeni lile bakuli lenye yai la yule mama, akachukua kitambaa, akafuta meza, akaanza donge jipya. "Dada samahani, wageni kwanza," alimwambia yule mama, bila hata kumtazama usoni.

Mama akanyamaza. Mtoto akageuza shingo begani.

Pizza ya chokoleti si kazi ya haraka. Ndizi inakatwa, chokoleti inapakwa, na ikivuja juu ya chuma inaungua, chuma kinakwanguliwa kabla ya kutiwa nyingine. Tukakaa. Wageni wakapiga picha, jambo ambalo sina neno nalo, mikono ya fundi inastahili kupigwa picha. Walipokuwa bado wanakula wakaja wengine wawili, mume na mke, wakaulizia ya nyama. Nikasema moyoni, sasa atalivuta lile bakuli lililo tayari, ampe mwenyewe, halafu awashughulikie hawa. Bakuli kweli alilivuta. Akalimimina kwenye chapati ya wale wawili.

Hapo nikasimama. "Mwanangu, hilo la nani?"

"Shikamoo, bibi. Nitamtengenezea jingine."

"Marahaba. Huyu katangulia. Yai lake ulilivunja mbele ya macho yake."

"Najua, bibi. Lakini si unajua tena, mgeni njoo, mwenyeji apone." Akacheka, na kijana wa watalii naye akacheka.

Mgeni mwenyewe, yule mke wa mtu, alikuwa na haya kuliko wao wote. Hakuielewa lugha lakini aliielewa foleni. Alimwonyesha fundi yule mama, akaashiria kwa mikono kwamba apewe yeye kwanza. Na kijana anayewatembeza, mtoto aliyezaliwa humu humu, akamtuliza. Aliyasema kwa Kiingereza, lakini sote tuliofika skuli tulimsikia: usijali, huyu ni mwenyeji, kazoea.

Kazoea!

Mama akainuka. "Basi mwanangu," alimwambia fundi kwa upole ambao mimi sina, "watoto watakuwa wameshalala." Akachukua sahani zake, akaondoka nazo tupu. Mimi nilibaki kidogo, si kwa ajili ya kula, nilibaki kusema niliyokuwa nayo, na nikayasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi. Jirani yangu wa ghorofani anasema sauti yangu ilimfikia na yeye. Na imfikie.

Nianze na methali, kwa sababu imetumiwa vibaya na mtu aliyefundishwa na babake maana yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji apone, hawakusema mwenyeji angoje. Mgeni akija kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba ambao wiki nzima walikula muhogo na dagaa nao wanapata kipapatio. Hiyo ndiyo kupona. Ujio wa mgeni unampa nafuu mwenye nyumba. Nyumba ambayo mgeni akiingia mtoto wa mwenye nyumba analala na njaa, hiyo haijapona, hiyo imeuzwa.

Najua mtaniandikia kwamba hata majumbani mgeni hutiliwa kwanza. Ndiyo, na ni desturi nzuri, nimekua nayo. Tunamtilia kwanza chakula chetu, tumemkaribisha wenyewe, tumejinyima kwa hiari yetu na kwa heshima yetu. Yule mama hakualika mtu. Alikuwa mteja, pesa anazo mkononi, na zamu yake ameingoja. Ukarimu wa fundi ulitolewa kwenye sahani ya mwanamke mwingine. Ukitaka kuwa mkarimu, mwanangu, toa kilicho chako. Mpe mgeni juisi ya bure angoje.

Tabia hii haikuanzia mtaani. Imetoka mahotelini. Tangu utalii ufunguliwe katikati ya miaka ya 1980 vijana wetu wamefundishwa kwamba mtu mwenye begi mgongoni ndiye mtu, na mwenye buibui na sahani ni sehemu ya mandhari. Fundi huyu hana roho mbaya. Babake akiumwa mtaa mzima ulikwenda kumtazama, na yeye mwenyewe hakosi kwenye maziko ya mtu. Amejifunza woga, basi: woga kwamba mgeni akingojeshwa kidogo ataondoka na asirudi. Mwaka 2024 walikuja wageni zaidi ya 700,000, na sisi kwa sensa ya 2022 hatufiki milioni mbili. Wataondoka kwenda wapi? Wamepanda ndege kuja kukitafuta hiki hiki.

Tena wageni hao kwao wanajua kungoja. Napoli, kwa wenye pizza yao ya tanuri, uko mkahawa ulioanza mwaka 1870, Da Michele, ambao umejulikana miaka mingi kwa aina mbili tu za pizza. Ukifika unachukua namba, unasimama njiani mpaka uitwe. Ufundi wa wapika pizza wa mji ule uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017. Sisi Mji Mkongwe wetu uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, kwa majumba yake, milango yake na njia zake. Watu wanaokaa ndani ya majumba hayo wanapika nini usiku na wanapata kula saa ngapi, hilo hakuna wa kutulindia isipokuwa sisi wenyewe.

Kuna mwenzangu wa barazani amenambia nisikuze mambo, kwamba ni pizza tu. Simkubalii. Mji Mkongwe tumeona nyumba moja moja ikigeuka ya kulaza wageni, duka la unga likigeuka la vinyago, na mwenye kupanga akihamishwa taratibu mpaka Fuoni na kwingineko kwa kuwa kodi imemshinda. Kila lilipotokea tulisema ni nyumba tu, ni duka tu. Mkahawa wa nyuma ya Darajani ni katika pahala pachache ambapo mtu wa mjini bado anaweza kutoka na kanga yake na sahani yake, akarudi na chakula cha watoto kwa bei anayoimudu. Akifukuzwa hapo, hata kwa upole, hata kwa neno la dada samahani, atabaki na nini cha kumfanya akae?

Sasa namsemesha fundi mwenyewe, maana najua safu hii inasomwa pale mlangoni. Mwanangu, mwaka 2020 ndege zilipositishwa kwa sababu ya korona, wale wa chokoleti hawakuonekana. Nani alikuwa akikununulia? Unawajua. Walikuja kwa magoti yanayouma, walikuja na sahani mbili zilizofunikana, wengine walinunua na huku wana wali nyumbani, ili tu chuma cha babako kisizimike. Na kila masika, mvua inapofunga njia na wageni wakapungua, ni hao hao. Hawajawahi kukuomba wapewe kwanza. Wanataka zamu yao.

Weka daftari hapo mezani, andika kila anayefika kwa mpangilio wake, Mzungu kwa Mswahili, na usome kwa sauti. Bei ibandike ukutani, moja kwa wote. Kijana wa watalii akiinua vidole mwambie akae kwenye benchi. Na yule mama unajua anapokaa: mpelekee mbili za nyama leo usiku, uzibebe mwenyewe, usitume mtoto.

Usipofanya hivyo, masika huanza Machi, na mkate wa mayai kila nyumba ya mtaa huu inajua kuukunja.