Mvua za Tanga na Ardhi ya Kongwa



Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita dada mmoja aliniandikia kuuliza kama mama mwenye watoto, na mwenye mgonjwa ndani ya nyumba, anaweza kusoma chuo kwa njia ya mtandao, na kama masomo hayo yana faida yoyote zaidi ya karatasi ya cheti. Nilikusudia kumjibu kwa mistari michache. Lakini mimi mwenyewe nimepita njia hiyo, na yaliyotokea nyumbani kwangu kwa sababu ya somo moja yaligusa kiinua mgongo chote cha mume wangu. Leo nitayaeleza kama yalivyokuwa, kwa idhini yake.

Somo lenyewe ni jiografia ya kanda za Tanzania, nalo ni sehemu ya cheti kinachotolewa na chuo ambacho sitakitaja, kwa kuwa nitakisifu na nitakilaumu. Nilijiunga kwa sababu isiyo na utukufu wowote. Nilikuwa nimekaa nyumbani miaka mitatu nikimuuguza mavyaa yangu, aliyepooza upande mmoja, na nilitamani kusikia mazungumzo yasiyohusu dawa. Nilichagua jiografia kwa kuwa shuleni nilikuwa hodari wa kukariri mikoa na makao makuu yake.

Wiki ya kwanza tu nikagundua kuwa uhodari ule hauna kazi. Mikoa, alisema mwalimu, huchorwa na serikali na huweza kugawanywa kwa tangazo, kama ilivyozaliwa Katavi, Geita, Simiyu na Njombe mwaka 2012. Kanda hazizaliwi kwa tangazo. Zimefanywa na upepo, mwinuko wa nchi, udongo, na karne nyingi za watu kujifunza kuishi na vitu hivyo. Nilifurahi kukuta katika kumbukumbu za somo kuwa mmoja wa watu wa mwanzo kuandika kitabu kizima kwa mtazamo huu ni al-Muqaddasi, mzaliwa wa Baitul Maqdis, ambaye kitabu chake cha Ahsan al-Taqasim alikiandika mnamo mwaka 985. Alizigawa nchi za Waislamu katika kanda, akazitembelea nyingi kwa miguu yake, na kila alipofika aliandika habari za maji wanayokunywa watu, mazao yao, vipimo vyao vya sokoni, lugha yao na desturi zao. Mtu wa namna hiyo hakariri makao makuu. Anauliza watu hawa wanaishije.

Nilisoma usiku. Video za masomo nilizipakua kwa kifurushi cha usiku, kilicho rahisi kidogo, katika simu ya binti yangu, kisha nikazisikiliza nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mavyaa. Alhamisi baada ya sala ya Isha tulikutana wote moja kwa moja mtandaoni, wanafunzi zaidi ya thelathini. Mimi nilizima kamera na kusema kwa sauti tu, na hakuna aliyenikera kwa hilo. Hapo ndipo nilipoiona faida ambayo sikuitarajia. Katika darasa la kawaida wanafunzi wote wamekaa chumba kimoja, wakisoma habari za Bukoba na Mbinga kutoka ubaoni. Katika darasa letu, mmoja alikuwa Bukoba na mwingine Mbinga. Mwalimu alipofundisha habari za mvua, alimtaka kila mmoja wetu atoke nje, atazame, na awaulize wazee wa hapo alipo wanapanda lini. Majibu yalipokusanywa, hayakufanana hata kidogo.

Na hapa naomba subira yako, kwa kuwa jambo hili la mvua ndilo lililookoa fedha zetu.

Ukanda wa mvua hufuata safari ya jua. Jua linapokwenda kusini, mvua hupita juu yetu Tanga kati ya Oktoba na Desemba, nasi tukaiita vuli. Linaporudi kaskazini, mvua hupita tena kati ya Machi na Mei, nayo ndiyo masika. Baina ya mapito hayo mawili, Januari na Februari, Tanga hukauka na watu hutafuta kivuli. Lakini wakati huo mvua haijatoweka, imehamia katikati na kusini mwa nchi. Dodoma, Singida, Tabora, Iringa na Ruvuma hawana vuli na masika kwa maana yetu sisi. Wana msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili hivi. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli, utabiri wa masika, na utabiri wa tatu wa mvua za msimu. Huo wa tatu nimekuwa nikiusikia redioni miaka yote, nikidhani ni maneno ya kuongezea tu.

Juu ya hayo kuna milima. Pepo zenye unyevu kutoka baharini hupanda Usambara, Nguru, Ukaguru na Rubeho, zikamwaga maji mengi upande wa mashariki, na zikivuka huwa zimebakiwa na machache. Dodoma imekaa nyuma ya milima hiyo. Mjini Tanga mvua ya mwaka hupita milimita 1,200, ilhali Dodoma katika mwaka wa kawaida haifiki 600.

Wakati ninajifunza hayo, mume wangu alikuwa amestaafu miezi minne iliyopita. Binamu yake anayeishi Dodoma alimpigia simu kumwambia kuwa kuna ekari ishirini karibu na Kongwa zinauzwa kwa bei nafuu, kwamba serikali imekwisha kuhamia Dodoma na ardhi itapanda thamani, na kwamba mahindi yana soko pale pale Kibaigwa. Yote matatu yalikuwa na ukweli ndani yake. Mume wangu alikulia Muheza, na hesabu yake ilikuwa ya Muheza: tutapanda Machi masika ikianza, tukivuna tutapanda tena vuli. Kiinua mgongo kingekwenda chote katika ardhi, trekta la kukodi na mbegu.

Nikamwambia, "Bwana, kule mwezi wa Machi wanangojea kuvuna, hawapandi."

"Nani kasema?"

"Mwalimu."

"Huyo mwalimu ana jembe?"

Akaongeza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kama Kongwa haina mvua, mahindi yanayojaza soko la Kibaigwa yanatoka wapi? Usiku ule nililala nikiwa nimeshindwa, na sioni aibu kusema kuwa nililia kidogo. Hakuwa mkali kwangu. Ila niliona dhahiri kwamba elimu yangu ya simu ilikuwa na uzito wa karatasi mbele ya mtu aliyelima tangu utotoni.

Alhamisi iliyofuata nililileta swali lile darasani. Tulikuwa na mwanafunzi mwenzetu, mwalimu wa shule ya msingi, anayeishi na kulima huko huko Kongwa. Akacheka, akasema soko liko Kibaigwa kwa kuwa barabara kuu imepita hapo, na mahindi mengi huletwa kwa malori kutoka Kiteto na sehemu nyingine zenye mvua nzuri zaidi. Hata ndani ya wilaya yake, alisema, mashamba yaliyo karibu na milima si sawa na ya uwandani. Yeye hupanda Desemba, mvua ya kwanza yenye nguvu ikishuka. Mvua huweza kukatika wiki mbili au tatu mnamo Februari, wakati hindi linatoa mbelewele, na hindi likikosa maji wakati huo limekwisha. Mtama huvumilia. Husimama kukua, ukangoja, mvua ikirudi ukaendelea. Kesho yake alinitumia picha za shamba lake wakati wa kiangazi. Nyufa zake zingeweza kumeza mkono wa mtoto.

Nilimpa mume wangu simu atazame. Alizitazama picha zile kwa muda mrefu kuliko nilivyozitazama mimi. Kisha akasema, "Tutakwenda kuona kwa macho."

Tulikwenda Agosti, watoto wakabaki na shangazi yao na mavyaa. Ndani ya basi, tulipopita Gairo na nchi ikaanza kuwa ya rangi ya vumbi, nilimsimulia habari za Waingereza na karanga, kwa kuwa tulikuwa tumezisoma wiki ile. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 walituma wataalamu waliokaa wiki chache tu, na sehemu ya nchi wakaitazama kutoka kwenye ndege. Wakapanga kulima karanga zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, na wakaanzia Kongwa. Mwaka 1947 walikusudia ekari 150,000, wakapata kupanda zipatazo 7,500. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na mchanga mkali. Kiangazi hukauka kama sakafu ya saruji, ukala majembe ya matrekta, na karanga zilizoiva zikanaswa ardhini zisichimbike. Mvua nazo hazikuja kwa kalenda ya ofisi. Mwaka 1951 serikali yao iliuacha mradi, pauni zaidi ya milioni 36 zikiwa zimepotea. Sehemu ya ardhi ile ikaja kuwa ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo wangewashauri tangu siku ya kwanza kama wangeulizwa.

Mume wangu hakusema neno. Tulipofika kwenye zile ekari ishirini aliazima jembe kwa kijana mmoja, akapiga mara tatu. Mara ya tatu jembe lilimrukia. Akamuuliza yule kijana wao wanapanda nini, na lini. Kijana akajibu karibu neno kwa neno kama yule mwalimu wa Kongwa. Binamu alikuwa amesimama kando akitazama simu yake.

Tulinunua ekari tano, si ishirini. Tulipanda mtama wa muda mfupi na alizeti mwezi wa Desemba, tukamwachia kijana yule yule usimamizi kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Februari mvua ilikatika siku kumi na nane. Alizeti ilidhoofika, mtama ukasimama. Mavuno yalirudisha gharama na kuacha kidogo, si utajiri. Fedha zilizobaki ziko katika akaunti isiyo na riba, na paa la nyumba halivuji tena. Lakini binamu, aliyekuwa na fungu lake katika mauzo ya zile ishirini, hakutupigia simu hata siku ya Idi. Mume wangu amempigia mara mbili. Jambo hilo linamuuma, nami linaniuma kwa kuwa chanzo chake ni mimi.

Sasa lawama kwa chuo. Mtihani wa mwisho ulikuwa mtandaoni kwa saa moja na nusu, maswali ya kuchagua jibu, karibu yote ya kukariri: kanda ngapi, urefu wa mlima fulani, jina la aina fulani ya udongo kwa Kiingereza. Hapakuwa na swali hata moja la kwa nini Tanga hupanda Machi na Kongwa Desemba. Umeme ulikatika nikiwa swali la ishirini na tisa, na nilipoandika kueleza, jibu lilichukua wiki tano. Nikapata alama ya C. Mwalimu yule aliyetufundisha kutoka nje na kuuliza wazee hakuwa ndiye aliyetunga mtihani, na hilo ni kosa la chuo. Vitabu navyo vyote ni vya Kiingereza, hivyo mama aliyeishia kidato cha nne ajiandae kukaa na kamusi.

Kwa hiyo, dada yangu uliyeniandikia, kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha chuo kinatambuliwa. Vyuo vikuu huulizwa Tume ya Vyuo Vikuu, vyuo vya kati huulizwa NACTVET. Matangazo ya vyuo visivyotambuliwa ni mengi, na huwa yana picha nzuri zaidi. Uliza pia kama kuna vipindi vya kukutana na mwalimu na wenzako moja kwa moja. Kozi ya video tupu, isiyo na mtu wa kumuuliza habari za Kibaigwa, mimi nisingeilipia. Na panga saa moja kila siku ambayo watu wa nyumbani wanaijua, maana ukisubiri nafasi haitapatikana.

Sehemu ya pili ya kozi imeanza mwezi huu. Katika kumbukumbu zake, Unguja na Pemba zimepewa ukurasa mmoja, wote wa karafuu na watalii. Mavyaa yangu ni mtu wa Pemba. Nilipomsomea ukurasa ule, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa ulimi wake mzito kuwa aliyeandika hajapata kutoka Mkoani, penye vilima na mabonde ya mpunga, akaenda mpaka Micheweni, penye mawe na udongo haba, akaona kuwa ni kisiwa kimoja chenye nchi mbili. Nilimwandikia mwalimu maneno hayo. Amejibu akiomba kurasa mbili, na tumekwisha kuandika moja na nusu. Mavyaa anataka ya mabonde iandikwe upya, kwa sababu nimesahau mito.