Benzi linang'aa, mahari yako iko wapi?



Siku hizi bwana harusi akisikia kuna Mercedes-Benz W123 inauzwa, toleo lililoanza 1976, imetunzwa, viti havijachanika, basi halali. Anataka biharusi avuke na pantoni ya Magogoni humo, Kigamboni nzima ione. Gari zuri, sibishi. Ila zamani wenye Benzi waliitwa Wabenzi, na haikuwa sifa.

Ninalopinga ni hili: pesa ya gari ipo, mahari "nitamalizia baadaye". Kuahirisha kwa makubaliano kunaruhusiwa. Lakini huyu anacho, na hujakubali, umenyamazishwa! Soma Surat An-Nisaa, aya ya 4: mahari ni haki yako, si ya baba wala shangazi. Na Mtume (s.a.w.) katufundisha ndoa bora ni iliyo nyepesi.

Mimi fundi cherehani. Nguo naipindua nione mshono wa ndani. Gari la pwani nalo inua zulia utazame kutu, chumvi haina huruma. Na mchumba mkague hivyohivyo: mahari tayari? Kodi ya nyumba je?

Akishakupa haki yako, anunue hata mawili.