Joto la Umeme si Anasa

Mwandishi aliyenena katika toleo lililopita kwamba vazi jepesi lipashwalo joto kwa umeme ni anasa tupu, na kwamba sufu nzito yamtosha kila mtu, ameghafilika na jambo la asili: sufu haizai joto, bali huhifadhi lile litokalo mwilini, na mwenye maradhi ya Raynaud, ambaye mishipa ya vidole vyake hujibana kwa baridi hata damu isipite, atahifadhi nini ndani ya glavu?

Na wapiga bombomu wa ndege za Marekani za B-17, waliopaa juu ya Ujerumani mwaka 1943 katika baridi iliyofika digrii 40 chini ya sifuri, madirisha ya ubavuni yakiwa wazi, je, nao walitaka anasa? Ni kweli vazi lao la umeme, la F-1, lilikuwa na ila kubwa, kwa kuwa waya mmoja ukikatika vazi zima lilipoa. Lakini ila hiyo ilikuwa ya ufundi, wala haikuwa hujja ya kuukataa umeme. Leo nyuzi za kaboni, laini na nyepesi, huweza kuunganishwa sambamba, hata uzi mmoja ukikatika zilizobaki ziendelee kupasha, na betri ya wati-saa 37 hutoa wati 10 kwa zaidi ya saa tatu. Atakaye kupinga, na apinge bei au uimara wa vazi likifuliwa, hapo tutasikilizana.