Jirani hapigiwi kura

Mwaka 2025 televisheni ya ITV ya Uingereza ilitangaza shindano jipya, The Neighbourhood, mtangazaji wake Graham Norton. Familia zinahamia mtaa mmoja, zinaishi kama majirani, huku zinashindania donge la fedha. Jamaa zetu walioko huko watasema, "Aa, mchezo tu huo." Basi tuutazame vizuri, kwa sababu michezo ya namna hii si mipya na tumeshaona ilikofikia.

Mwaka 2005 televisheni ya ABC ya Marekani ilirekodi shindano la Welcome to the Neighborhood mjini Austin, Texas. Familia saba ziligombea nyumba moja kubwa katika mtaa tulivu. Waamuzi walikuwa majirani waliokwishakaa pale, Wazungu wahafidhina, na wao ndio waliokuwa wakiondoa familia moja baada ya nyingine. Kati ya washindani kulikuwa na familia ya watu weusi, ya asili ya Korea, ya Walatino, mume na mke waliojichora tatuu mwili mzima, na wanaume wawili waliokuwa wakiishi pamoja na kulea mtoto. Yaani walichaguliwa makusudi ili majirani washtuke.

Kipindi kilikuwa kianze Julai mwaka huo. Siku chache kabla, ABC ikakifuta. Watetezi wa haki za makazi, National Fair Housing Alliance, walikuwa wamelalamika, na hoja yao ni nzito. Sheria ya Marekani tangu 1968 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi yake, dini yake au asili yake. Sasa jambo ambalo sheria inalikataza mtaani, televisheni ililifanya tamasha la jioni.

Tuseme ukweli wote lakini. Baadhi ya wale majirani walieleza baadaye kwamba kukaa na wageni wale kuliwabadilisha. Nami nawaamini, maana mtu humwogopa asiyemjua. Ila kilichowabadilisha ni kukaa pamoja, kula na kuzungumza. Kura haikubadilisha mtu. Kura iliwapa tu nguvu ya kumwambia mwenzao, "wewe hapa hutufai."

Na sisi tunajua tungekaa upande gani. Mama wa baibui na watoto wake watano wanapohamia mtaa wa Leicester au Birmingham, pazia la jirani linacheza. Anatazamwa viatu vilivyo mlangoni, anasikilizwa wageni wa Idi, anapimwa harufu ya mchuzi. Je, mtaa ungepiga kura, tungebaki wangapi? Na huku Ghuba tujiulize kinyume chake. Jengo moja la ghorofa lina watu wa Kerala, Manila, Cairo na Mombasa. Tungepewa sisi kura, tungewabakisha wangapi?

Kuna shindano la upole zaidi, Come Dine with Me, la Channel 4 ya Uingereza, nalo lilianza 2005. Watu wa eneo moja wanaalikana chakula cha usiku kwa zamu. Wakirudi, ndani ya teksi, wanampa mwenyeji maksi kwa kumi, na mwenye nyingi anachukua pauni 1,000. Linachekesha, sikatai. Lakini angalia kanuni yake: anayesahihisha ndiye anayeshindana. Mimi nimefundisha miaka mingi, sikuona shule inayompa mwanafunzi kalamu nyekundu asahihishe karatasi ya mwenzake wanayegombea naye nafasi ya kwanza. Ukimpa mwenzako tisa, unajipunguzia mwenyewe. Kwa hiyo mtu anakula, anashukuru, anatoka nje anasema wali ulikuwa mkavu.

Nani anafaidi? Wahenga walisema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Vipindi hivi havina waigizaji maarufu wa kulipwa mamilioni, mara nyingi nyumba ni za washindani wenyewe, na ugomvi ndio unaovuta watazamaji na matangazo. Saa nyingi za kurekodi zinakatwa hata ibaki saa moja. Kicheko kinatupwa, neno kali linabaki, linawekewa na muziki wa kutisha. Kamera zikiondoka, fedha za mshindi zinaisha, lakini wale watu wanaendelea kupanda ngazi moja.

Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa jirani mara mbili, asubuhi darasani na padri, alasiri chuoni na maalimu. Kote kuwili jirani alikuwa na haki juu yako kabla hujaulizwa kama unampenda.

Sisemi televisheni izimwe. Watoto wataangalia kwenye simu hata hivyo. Kaeni nao muangalie, mkiwauliza: kwa nini muziki umebadilika pale? Yule aliyeondolewa alikosa nini hasa? Ungekuwa wewe, je? Kisha siku hiyo hiyo mpeni mtoto sahani apeleke mlango wa pili. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na hakuna aliyewahi kuirudisha na maksi.