Ngitili ni Mali ya Nani?



Mkulima akiuza gunia la mpunga sokoni, gunia hilo huandikwa vitabuni na kuhesabiwa katika pato la taifa. Mama akirudi kutoka porini na mzigo wa kuni, mizizi ya dawa na kikapu cha uyoga, hakuna aandikaye lolote. Hesabu ya namna hii, inayotambua tu kile kilicholipiwa fedha, imetuletea hasara kubwa. Pori lisilo na bei huonekana kuwa pori tupu, na pori tupu halikosi mtu wa kulifyeka.

Kwa sababu hiyo twapenda kuwaelekeza wasomaji wetu kwenye kazi iliyofanywa mkoani Shinyanga na Profesa Gerald Monela, mchumi wa misitu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzake, na kutolewa mwaka 2005. Hao walikwenda kuhesabu kile ambacho vitabu vilikuwa vimekiruka. Matokeo yao yanatuhusu leo kuliko yalivyotuhusu wakati ule, kwa kuwa mvua haziaminiki tena kama zamani.

Jinsi nchi ilivyochakaa

Ikumbukwe kwamba Shinyanga haikuzaliwa kame. Palikuwa na mapori makubwa ya miombo na migunga. Wakati wa ukoloni mapori hayo yalifyekwa kwa amri, maeneo makubwa kwa mkupuo, ili kuwaangamiza mbung'o. Baadaye yakaja mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, na mahitaji ya kuni na mkaa yakakua. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye maboma yao na kuwatenga na maeneo waliyokuwa wameyatunza. Miaka ya 1980 ilipofika, Mwalimu Nyerere aliiona hali ya mkoa huo akauita jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Hapo mwanzo wataalamu walikuja na miche ya kigeni, lakini punde si punde walijifunza kuwasikiliza wenyeji. Wasukuma walikuwa na desturi ya tangu kale iitwayo ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti ikaachwa ikue, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali na malisho mengine yamekwisha. Ng'ombe wa kulimia, ndama na wanyama dhaifu hupata chakula humo. Nyingine ni za familia, na nyingine ni za kijiji kizima. Walinzi wake hawakuwa askari wa misitu, bali dagashida, yaani baraza la jadi, pamoja na sungusungu.

Mpango ulipoanza, ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimefufuliwa au kuanzishwa hekta zisizopungua 350,000 katika vijiji 833. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua vyenyewe, mradi tu vilipewa nafasi na ulinzi.

Hesabu ya mchumi

Watafiti hao waliorodhesha kila kitu ambacho familia hupata katika ngitili: kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, asali, matunda, mboga, dawa, uyoga na maji. Walikadiria thamani yake, hata pale ambapo hakuna aliyeuza wala kununua. Walipata kwamba faida hiyo ilifikia takriban dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi. Wakati huo matumizi yote ya mtu wa kijijini Tanzania kwa mwezi yalikuwa na wastani wa dola 8.50 hivi. Kwa maneno mengine, lile lililoitwa pori tupu lilikuwa likiwapa watu mengi kuliko yale ambayo takwimu za kawaida zilisema wanayo. Mama waliokuwa wakitembea mchana kutwa kutafuta kuni waliokoa saa kadhaa kila walipokwenda. Wanyama waharibifu nao walirudi pamoja na miti, na hasara yao ilihesabiwa pia. Hata hivyo faida iliizidi.

Yafaa tuyatafakari haya kwa kuangalia tabianchi. Barani Afrika tunatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa inayotolewa duniani, lakini mavuno yetu yanategemea mvua. Mvua zikichelewa, mwenye shamba peke yake hana pa kukimbilia. Mwenye ngitili ana ng'ombe wenye nguvu za kuvuta plau siku ile mvua itakaponyesha. Hivyo hulima mapema na kuitumia mvua fupi. Ana asali na matunda wakati ghala limekauka. Udongo wake umefunikwa, na maji ya mvua kubwa huzama badala ya kuondoka na rutuba. Ngitili ni akiba isiyohitaji benki, na mtaji wake ni subira.

Wako wanaosema: "Watu hawali miti, ardhi igawiwe walime." Hoja hii haipaswi kudharauliwa, maana vijana wanahitaji mashamba na familia zimekua. Lakini tuulize: shamba jipya litakalotolewa katika ngitili litamlisha nani mwaka wa ukame, na kwa miaka mingapi kabla udongo haujachoka? Aliyekula mbegu hana haki ya kulalamikia mavuno.

Wastani huficha

Hata hivyo, haitoshi kuishangilia takwimu ya dola 14. Wastani ni kama blanketi: hufunika, na chini yake hujui nani analala na nani anatetemeka. Watafiti wenyewe waliona kwamba wenye ardhi nyingi na ng'ombe wengi hunufaika zaidi na ngitili za familia. Asiye na ng'ombe wala eneo la kutosha, mjane, au kijana ambaye hajarithi, hutegemea zaidi ngitili ya kijiji. Ngitili ya kijiji ikigawanywa kimyakimya, tajiri hupoteza kidogo na maskini hupoteza yote. Na ndiyo hiyo inayotamaniwa kwanza na mchoma mkaa, na kiongozi mwenye kalamu na mhuri.

Hapo ndipo uhifadhi unapokuwa jambo la haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji ni mdhamini, si mmiliki. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria hiyohiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo inaviruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao wenyewe. Tangu mwaka 2022 ziko pia kanuni za biashara ya kaboni, na wafanyabiashara wa hewa ukaa wanaweza kubisha hodi katika kijiji chochote chenye miti. Fedha hizo zaweza kujenga madarasa. Zaweza pia kuwa chanzo kipya cha kuwafungia maskini mlango wa pori lao.

Yatupasayo kutenda

Tunawaomba viongozi wa walei na kamati za haki na amani katika vigango wafanye mambo manne. Kwanza, wajue ngitili za kijiji ziko wapi, mipaka yake ni ipi, na kama imeandikwa katika daftari la ardhi la kijiji. Pili, wahudhurie mikutano mikuu ya kijiji, wawahimize wanawake na vijana wahudhurie, na wadai kusomewa muhtasari wa kila uamuzi unaogusa ardhi. Tatu, pakiletwa mkataba wa kaboni au wa malisho, usomwe hadharani kwa Kiswahili kabla ya sahihi: ni wa miaka mingapi, kijiji kitapata kiasi gani, na nani atazuiwa kuokota kuni. Nne, wazee wanaozijua taratibu za ngitili wawafundishe vijana tungali nao.

Jangwa la Shinyanga lilirudishwa nyuma na wanakijiji waliokubaliana kusubiri, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake hatafungua ngitili usiku. Imani hiyo ikivunjwa na wachache, hakuna mradi utakaoirudisha. Tuilinde, basi, kwa macho na kwa sauti, kabla ya shoka kuingia.